Wamechukua stima: ni akina nani hao?

Jioni moja nilialikwa na shule moja ya upili viungani mwa Nairobi nizungumze na wanachama wa Chama cha Kiswahili. Mada yangu ilikuwa viambishi vya nafsi, mada ambayo haijapata kumnyima kijana yeyote usingizi. Yapata saa moja za jioni, nikiwa nimesimama mbele ya ubao, taa zilizimika ghafla na ukumbi ukagubikwa na giza totoro. Vijana wote, kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi, wakapaza sauti kwa pamoja: "Wamechukua stima!"

Nikaona kwamba mfano niliokuwa nikiutafuta umejileta wenyewe. Nikawauliza humo humo gizani: "Kiambishi hicho wa- kinasimama badala ya nani? Ni akina nani waliochukua?" Wakacheka. Mmoja akajibu, "Mwalimu, ni wale wa stima." Mwingine akasema, "Ni serikali." Wa tatu, ambaye sauti yake ilitoka nyuma kabisa na ambaye naamini atakuja kuwa wakili, akasema, "Mwalimu, hata wao wenyewe hawajui."

Taa zilirudi baada ya nusu saa, nasi tukaendelea na somo letu. Hata hivyo, swali lile nililibeba hadi nyumbani, na nimeona si vibaya nikilileta hapa mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu. Sisi wakazi wa jiji tunalalamikia umeme kila uchao, lakini ni wachache mno miongoni mwetu wawezao kueleza unatoka wapi, unapita wapi, na kwa nini hutuponyoka saa ile ile tunapouhitaji. Asiyeijua njia hawezi kujua palipobomoka.

Tuanze na neno lenyewe. Stima, ambalo walimu wa sarufi hulikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "umeme" juu yake, asili yake ni mvuke, ule ule ulioendesha meli na garimoshi. Kwa miaka mingi neno hilo lilionekana kuwa kosa tupu, maana umeme wetu mwingi ulitokana na maji ya mito. Leo chanzo kikubwa kuliko vyote nchini ni mvuke unaochimbuliwa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha. Mtaa umeshinda, na kamusi haina budi kunyamaza.

Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar ili auangazie mji wake. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa kibali cha pekee cha kuiuzia Nairobi umeme. Kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 iligeuza jina ikawa Kenya Power and Lighting. Nairobi ya siku hizo ilikuwa mji mdogo wa reli, na mahitaji yake yalitoshelezwa na vijito vya jirani. Kadiri mji ulivyokua ndivyo ulivyolazimika kuunyoosha mkono wake mbali zaidi: kwanza mto Thika, kule Ndula, kisha mto Tana, kisha, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa nchini Uganda mwaka 1954, njia ya nyaya ikajengwa kutoka Tororo hadi Nairobi. Baada ya uhuru likaja lile jopo la mabwawa ya mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Ajabu ya mabwawa haya ni kwamba yamepangwa kama ngazi. Maji yale yale yanayozungusha mitambo ya Masinga huteremka yakazungusha ya Kamburu, kisha Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tone moja la maji hufanya kazi mara tano kabla ya kuachiliwa liende zake baharini. Nadhani hakuna kibarua mwingine nchini anayetumikishwa namna hiyo.

Leo mkono huo wa Nairobi umefika Loiyangalani, karibu na ziwa Turkana, ambako mitambo 365 ya upepo ina uwezo wa megawati 310. Tangu Novemba 2022 umefika hata Wolayta Sodo, nchini Ethiopia, kupitia njia ya kilomita 1,045 inayoishia Suswa. Basi mwanafunzi anayewasha taa Umoja au Kawangware huenda anasomea upepo wa Turkana, mvuke wa Naivasha na maji ya nchi jirani, vyote vikiwa vimechanganyika katika waya mmoja, wala hakuna awezaye kuvitenganisha.

Sasa tulitazame jambo ambalo ndilo kiini cha taabu zetu. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Zipo betri, naam, lakini nchi yetu haijajenga betri kubwa kiasi cha kuubeba mji. Kwa hiyo kila chembe ya umeme unayoitumia wewe sekunde hii inazalishwa sekunde hii hii. Kiasi kinachozalishwa na kiasi kinachotumiwa lazima vilingane wakati wote, usiku na mchana, bila mapumziko. Kipimo cha ulinganifu huo ni mwendo wa mitambo yenyewe, ambayo hutoa mawimbi 50 kwa sekunde. Watu wanapowasha vitu vingi kwa pamoja, mitambo huelemewa na mwendo ukaanza kushuka, mfano wa lori lililosheheni linapoanza kupanda mlima. Dereva asipokanyaga mafuta, litasimama. Madereva wetu hukaa katika kituo cha taifa cha usimamizi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa barabara ya Juja, wakitazama mwendo huo na kuagiza huku maji yaongezwe, kule mtambo upunguzwe. Nani miongoni mwetu amewahi kuwakumbuka watu hao anapokunywa chai ya saa kumi na mbili?

Tarehe 7 Juni 2016 tulioneshwa waziwazi jinsi ulinganifu huo ulivyo dhaifu. Tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, transfoma ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka mara moja. Mitambo iliyobaki ikatwishwa mzigo usiokuwa wake, ikaelemewa, nayo ikajizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Punde si punde nchi nzima ikawa haina umeme kwa muda wa saa tatu na zaidi. Dunia ilitucheka sana, na magazeti ya ng'ambo yakapata kichwa cha habari. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa watunzaji wa wanyama. Lakini msomaji aliye makini atauliza: kulikoni mfumo wa taifa zima ukaangushwa na mnyama wa kilo chache? Jibu ni kwamba mfumo hauna budi kuwa na akiba: mitambo inayozunguka ikiwa tayari kubeba mzigo wa mwenzake papo hapo, na njia ya pili ya kupitia pale ya kwanza inapokatika. Akiba hiyo ina gharama, nayo haionekani. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe kuzindua akiba.

Na ndivyo ilivyokuwa tena tarehe 11 Januari 2022, minara ya njia ya Kiambere kuja Embakasi ilipoanguka baada ya vyuma vyake kuibwa, na vivyo hivyo usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaachwa gizani na abiria wakawa wanapapasa mizigo yao. Kila mara tuliambiwa sababu nyingine. Ukizitazama zote pamoja utaona jambo moja: umeme ulikuwapo, ila njia za kuufikisha zilikuwa chache na nyembamba.

Hebu tuifuate njia hiyo. Mwanafunzi wa fizikia anafahamu kwamba waya hupata joto umeme unapopita ndani yake, na joto hilo ni hasara tupu. Hasara haiongezeki sawa na mkondo. Hufuata mraba wa mkondo. Ukiongeza mkondo mara kumi, hasara huongezeka mara mia. Dawa ni kupandisha volteji ili mkondo upungue. Chukua kilowati 100. Ukizisafirisha kwa volti 240, utahitaji mkondo wa zaidi ya ampea 400, nao utadai waya mnene kama mkono wa mtoto. Ukizisafirisha kwa volti 11,000, ampea 9 na kitu zatosha. Ndiyo maana umeme wa Gitaru au Olkaria hupandishwa hadi volti 132,000 au 220,000 kabla ya kuanza safari, na ule wa Loiyangalani hubebwa na njia iliyojengwa kwa volti 400,000. Minara ile mirefu uionayo ikivuka mashamba ya watu imerefuka kwa sababu hiyo: nguvu kama hiyo haikubali kusogelewa.

Ikifika pembezoni mwa jiji, katika vituo vikuu kama vile Embakasi na barabara ya Juja, volteji huteremshwa hadi 66,000. Nyaya za kiwango hicho hulizunguka na kulipenya jiji, zikilisha vituo vidogo vya mitaa. Vituo hivyo huiteremsha tena hadi 11,000. Kutoka hapo nyaya hufuata barabara zetu juu ya nguzo za miti na saruji, hadi kwenye lile pipa la chuma la kijivu linaloning'inia karibu na duka la kona. Hiyo ndiyo transfoma ya mwisho, inayotupatia volti 240 za kuchemshia chai. Kila ngazi ya safari hii ina uwezo wake, na mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Kwa hiyo mtu anapotangaza kwamba nchi ina megawati kadha wa kadha, na kwamba tatizo limekwisha, muulize: pete iliyo dhaifu ni ipi?

Kisa cha upepo wa Turkana kinatufunza hilo vyema. Mitambo ile ilikamilika mwaka 2017. Ikasimama zaidi ya mwaka mmoja ikizungushwa na upepo bure, kwa sababu njia ya kilomita 428 ya kuuleta umeme hadi Suswa haikuwa tayari, mkandarasi wake wa Uhispania akiwa amefilisika. Serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Njia ilikamilika Septemba 2018. Kuna dhihaka nyingine iliyo kubwa zaidi. Usiku wa manane, jiji linapolala, wakati mwingine mvuke wa Olkaria huachwa ukapotea hewani kwa kukosa mtumiaji. Ifikapo jioni, kati ya saa moja na saa tatu, kila mtu amerudi nyumbani, na mwaka 2025 kilele cha mahitaji ya nchi kilipita megawati 2,300. Mwaka huo huo wakuu wa serikali walikiri hadharani kwamba baadhi ya sehemu hupunguziwa umeme saa za jioni. Tunao wa kumwaga usiku, na hatunao wa kutosha wa kulia chakula.

Wale wenye umri wa kutosha watakumbuka mgao wa mwaka 2000, ukame ulipoyakausha mabwawa ya Tana wakati zaidi ya nusu ya umeme wetu ulikuwa wa maji. Tuliishi kwa ratiba kama watawa. Somo la mwaka ule lilieleweka: tukachimba mvuke, tukatafuta upepo, na leo ukame mmoja hauwezi kutuzimisha kiasi kile. Mgala muuwe na haki yake mpe. Kazi hiyo ilifanywa. Kadhalika hatuwezi kuficha kwamba wateja waliounganishiwa umeme nchini walikuwa milioni 2 na ushei mwaka 2013, na sasa wamepita milioni 9. Mama wa Kangundo na wa Busia amewashiwa taa ambayo mamake hakuiota.

Lakini pete dhaifu imehamia mahali pengine. Imehamia kwenye pipa lile la kijivu.

Nitasimulia ya mtaani kwetu. Nilipohamia, palikuwa na nyumba za chini kama thelathini, kila moja na ua wake na mti wake wa parachichi. Transfoma iliyotulisha iliandikwa ubavuni 200, na ilitutosha hata tukasaza. Anayepanga umeme wa mtaa hapigi hesabu kana kwamba kila mtu atawasha kila kitu kwa wakati mmoja. Anajua kwamba wewe unapopiga pasi, jirani yako amelala. Kwa hiyo huchukua wastani. Nyumba thelathini zenye kilowati 2 kila moja saa ya kilele ni kilowati 60. Nafasi ilikuwapo tele.

Kisha nyumba mbili zikauzwa, na mahali pake pakaota jengo la ghorofa nane. Kila ghorofa ina nyumba sita. Jumla ni 48. Mwenye jengo, kwa kuwavutia wapangaji, alitia kila bafu ile shawa ya umeme inayopasha maji yakipita. Shawa ya namna hiyo hula kilowati 5 na zaidi. Sasa wapangaji wote ni watu wa kwenda kazini, na wote huoga kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili za alfajiri. Wakioga nusu yao tu kwa pamoja, ni shawa 24, nazo ni kilowati 120 kutoka jengo moja. Wastani umevunjika, kwa sababu watu wote wanafanya jambo lile lile saa ile ile. Jengo la pili likafuata, na la tatu. Fyuzi zikaanza kuungua. Mtu fulani, ambaye mpaka leo hajulikani, akaona dawa ni kuziondoa na kutia waya mnene. Fyuzi huungua ili transfoma isiungue; ukiinyima kazi yake, umeichagulia transfoma kifo. Asubuhi moja ya Julai tulisikia mlipuko, mafuta yakamwagika yakiwaka, na mtaa ukakaa gizani siku kumi na saba.

Mwuza samaki wa kona alimwaga samaki wake wote siku ya pili. Kinyozi alifunga duka. Binti wa jirani yangu, mtahiniwa wa kidato cha nne, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa majaribio. Nikawa namkuta jioni amesimama chini ya taa za kituo cha mafuta, kitabu cha kemia mkononi, babake akimlinda kando. Nilipompa pole alinijibu, "Asante, mwalimu. Hapa angalau hakuna mbu." Sikuwa na la kusema.

Nani aliyechukua stima yetu? Si tumbili wa Gitaru, na mvua ilikuwa imenyesha vizuri Tana. Jengo la kwanza lilikuwa na kibali cha ramani, cha maji taka na cha zimamoto. Sijapata kumwona mtu aliyeweza kunionyesha karatasi inayouliza: je, transfoma ya mtaa huu ina nafasi ya shawa 48? Kilimani na Kileleshwa, zilizokuwa bustani tupu, ni misitu ya magorofa. Pale Pipeline majengo yamesongamana hata jua halifiki chini. Jiji linakua kwenda juu ilhali nguzo zimesimama pale pale zilipokuwa. Rai yangu ni kwamba kibali cha kujenga gorofa kisitolewe hadi uwezo wa umeme wa mahali hapo uwe umepimwa, na gharama ya kuuongeza ibebwe na anayejenga, kwa maana ndiye atakayekusanya kodi. Wapo watakaosema hatua hiyo itapandisha kodi za nyumba. Huenda. Lakini mwuza samaki na binti wa jirani yangu tayari wanailipa gharama hiyo, tena bila risiti.

Hali ni mbaya zaidi katika mitaa ya mabanda. Mathare, Kibera na Mukuru kuna ule umeme uitwao "sambaza", unaovutwa kutoka nyaya rasmi na kugawiwa kwa nyaya nyembamba zinazopita juu ya mabati na ndani ya matope. Mpangaji humlipa msambazaji kila mwezi, na msambazaji hajui fyuzi ni nini. Watu wameuawa na nyaya hizo, watoto wakiwemo, na moto unaoanzia hapo huteketeza vibanda kwa mamia. Ni rahisi kuwaita wezi. Lakini mtu anayelipa kila mwezi hajakataa kulipa. Amekosa wa kumlipa kihalali. Pale mita za halali zilipopelekwa kisha zikakataliwa, yafaa tuulize kama wale wanaovuna kwa sambaza hawakuwa na neno katika kukataliwa huko.

Nirudi kwa vijana wa Chama cha Kiswahili. Nilipokwenda tena mwezi uliofuata niliwapa kazi, na naiona inaweza kufanywa na shule yoyote mjini, somo la fizikia likishirikiana na jiografia na Kiswahili. Waende, wakiwa na mwalimu wao, hadi penye transfoma iliyo karibu na shule. Wasiiguse wala wasiukaribie mlingoti. Wasome kwa mbali namba iliyoandikwa ubavuni. Kisha wazifuate nyaya kwa macho, wahesabu nyumba zinazolishwa, waulize kila nyumba ina shawa ngapi, pasi ngapi, jokofu ngapi, na huwashwa saa ngapi. Wajumlishe.

Walifanya hivyo. Transfoma yao imeandikwa 315. Hesabu yao ya saa kumi na mbili asubuhi ilifika 290, na ng'ambo ya barabara, wakaniambia, kuna msingi wa gorofa unaochimbwa. Yule kijana wa nyuma ndiye aliyeandika ripoti. Ameipeleka kwa mwalimu mkuu pamoja na barua, na mwalimu mkuu ameahidi kuitia sahihi na kuipeleka kwenye ofisi ya mipango ya kaunti.